Paka alikufa, mtoto akatapika: je, dawa ya kunguni bado iko mwilini mwetu?

"Daktari, naishi Pipeline, Embakasi, chumba kimoja, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka saba na wa miaka miwili ambaye bado namnyonyesha. Kunguni walituzidi. Wiki tatu zilizopita mume wangu alinunua dawa kwa mchuuzi stejini, shilingi 150, imetiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi. Ukiichanganya na maji inakuwa nyeupe kama maziwa. Alipuliza godoro, kitanda na kuta jioni, bila glavu, tukakaa kwa jirani kidogo, kisha tukarudi kulala. Usiku wa manane mdogo akaanza kutokwa na mate mengi na machozi, akatapika mara tatu. Mimi kichwa kiliniuma na kifua kikanibana. Nikampa maziwa, tukafungua dirisha, kufika mchana akawa anacheza. Siku iliyofuata paka wetu alikufa. Jirani anasema sumu imebaki kwenye damu, ananiuzia dawa ya kusafisha mwili ya shilingi 1,500. Wengine wanasema tule makaa. Je, sumu bado iko ndani yetu? Kwa nini paka afe na sisi tupone? Nataka niache kemikali zote nitumie vitu vya asili tu. Lakini kunguni wamerudi na mume wangu anataka kupuliza tena Jumamosi hii, ijapokuwa siku hizi analalamika miguu inamfa ganzi."

Dada yangu, pole sana kwa usiku ule, na asante kwa kuandika kila kitu, hata rangi ya dawa na saa dalili zilipoanza. Habari hizo ndogondogo ndizo zinazonisaidia. Nitayajibu maswali yako yote, lakini mambo mawili hayawezi kungoja mwisho wa jibu. Jumamosi hii msipulize. Na mume wako aende hospitali kabla wiki hii haijaisha, hata ikibidi aombe ruhusa kazini, na aende na ile chupa. Ganzi ya miguu umeitaja mwishoni kama jambo la kupita, nami ndiyo iliyonishtua zaidi katika barua yako nzima.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili chetu hapa kinatuponza kidogo. Anayekutibu malaria anakupa dawa, na anayeua panya anatega dawa. Dawa ya mbu, dawa ya meno, dawa ya mahindi, dawa ya kunguni. Neno moja limebeba kinachoponya na kinachoua, na mtu akisikia "dawa" hashtuki, anafungua kifuniko na kumimina. Laiti mchuuzi yule angesema "nauza sumu ya kunguni", nadhani mume wako angeuliza maswali mawili matatu zaidi.

Lakini neno hilo pia lina ukweli ndani yake ambao elimu ya sumu imejengwa juu yake. Mwaka 1538 daktari mmoja mzaliwa wa Uswisi, Paracelsus, aliandika kwamba kila kitu ni sumu, na kinachoamua kama kitadhuru ni kiasi. Chukua vidonge vya chuma anavyopewa mama mjamzito kliniki. Kwake yeye vinaongeza damu. Mtoto wa miaka miwili akiviokota na kuvila kama peremende, vinaweza kumuua. Kidonge ni kilekile, hakijageuka. Kilichobadilika ni kiasi, na mwili wa nani. Kwa hiyo ukiniuliza "hiki ni sumu?", lazima nikuulize: kiasi gani, kimeingilia wapi, kwa muda gani, na kwa nani? Tuyafuate maswali hayo ndani ya chumba chako.

Kwanza, ni nini kilichokuwa kwenye chupa? Sijaiona, na kwa kuwa haina karatasi hakuna anayeweza kuapa. Weupe wa maziwa hausemi mengi. Mara nyingi unaonyesha tu kwamba sumu imeyeyushwa katika mafuta pamoja na kitu kama sabuni kinachoiwezesha kuchanganyika na maji. Dawa nyingi za shambani huwa hivyo. Zimetengenezwa kwa ajili ya bomba la mgongoni, kifuniko kimoja au viwili kwa lita 20 za maji, na kwa shamba la wazi lenye upepo. Wachuuzi huzinunua kwa wingi, huzigawa katika vichupa, na kipimo hubaki kichwani mwa muuzaji.

Hata hivyo mwili wa mtoto wako ulikuandikia karatasi. Mate yanayofurika, machozi, kutapika, na kwako wewe kifua kubana: dalili hizo zikija pamoja baada ya kupuliza, sisi tunaofanya kazi hii hufikiria kwanza kundi la sumu za wadudu linaloitwa oganofosfeti, na ndugu zake kabameti.

Zinafanyaje kazi? Neva inapotaka msuli ukaze au tezi itoe mate, haiufikii msuli wenyewe. Kati yao kuna mwanya mwembamba mno, na neva humwaga humo kemikali iitwayo asetilikolini. Fikiria makanga akigonga bodi ya matatu. Anagonga, dereva anasikia, anafanya alichoambiwa. Lakini ili dereva aelewe, mlio lazima ukome. Mwili una kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalumu, ambacho kazi yake ni hiyo tu: ujumbe ukifika, kinaikatakata asetilikolini kabla hujapepesa jicho, mlio unakoma, neva iko tayari kwa ujumbe mwingine. Oganofosfeti hukinasa kimeng'enya hicho na kukaa mahali pake pa kukatia. Sasa makanga anagonga bila kukoma. Tezi za mate zinaambiwa toa, toa, toa. Macho yanachuruzika. Tumbo linajikunja. Njia za hewa zinajaa ute. Misuli inachezacheza chini ya ngozi, halafu inachoka, na ikichoka ile ya kupumulia, mtu anakufa.

Nimewahi kusimama kando ya kitanda cha mtoto aliyeletwa hivyo. Nilifungua kope kwa kidole gumba nikamulika kwa tochi ya simu: mboni ya jicho ilikuwa kitone, kama ncha ya kalamu, na tulipozima taa ya chumba haikufunguka hata kidogo. Kifua kilikoroma kama mrija unaomalizia soda. Daktari alimdunga atropini, akangoja dakika chache, akaongeza maradufu, akangoja, akaongeza tena, huku ameweka stethoskopu mgongoni, mpaka ule mkoromo ukakauka. Atropini haimzuii makanga. Inamziba dereva masikio mpaka mwili upate nafasi. Nakueleza haya kwa sababu nataka ujue tiba ya kweli ipo, iko hospitali, na haifanani hata kidogo na glasi ya maziwa.

Unaweza kujiuliza mbona jioni mlikuwa wazima na mambo yakaharibika usiku wa manane. Sababu ni mbili. Sumu inayopita kwenye ngozi haina haraka kama inayomezwa, nanyi mlilala juu ya godoro lililoloa, ngozi imegusana nalo kwa saa nyingi, katika chumba kilichofungwa. Ya pili ni ini. Tumezoea kusema ini husafisha sumu, na ni kweli mara nyingi, lakini zipo kemikali ambazo ini huzichukua zikiwa pole na kuzitoa zikiwa kali. Oganofosfeti nyingi ni za namna hiyo: hazikinasi kimeng'enya barabara mpaka ini lizibadilishe kwanza. Ndivyo ilivyokuwa na pombe ya kumi kumi iliyoua watu zaidi ya 100 hapa Nairobi mwezi wa Novemba 2000 na kuwapofusha wengine. Ilikuwa na methanoli, ambayo yenyewe hulevya tu kama pombe nyingine. Ni ini linaloigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Mlevi analala akiwa anaona, anaamka gizani. Kwa hiyo usimpime mtu aliyeguswa na sumu kwa jinsi alivyo katika saa ya kwanza.

Sasa mtoto. Tuseme nyote wawili mliingiwa na miligramu 12 usiku ule. Natoa tarakimu ya mfano tu. Mtoto wa miaka miwili ana kilo kama 12, wewe tuseme una 60. Kwake ni miligramu 1 kwa kila kilo, kwako ni sehemu ya tano ya hapo. Na kwa kweli hamkuingiwa sawa. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, anatambaa sakafuni ambako dawa imedondoka, na mikono yake iko mdomoni siku nzima. Chumba ni kimoja na hewa ni moja, ila yeye alikuwa katika hatari kubwa kuliko yenu.

Na paka? Usijilaumu, wengi hawajui hili. Paka hujiramba. Kila kilichotua juu ya manyoya yake, kiwe tone au vumbi, kiliishia tumboni, na mwili wake haufiki hata nusu ya uzito wa mtoto wako. Kuna na jambo la pili. Wachuuzi huchanganya dawa, na nyingi zina pairetroidi, ambazo ni nakala za kiwandani za sumu iliyomo katika ua la pareto, lile lililokuwa likijaza mashamba ya Molo na Nyandarua wakati Kenya ilipokuwa ikiongoza dunia kwa zao hilo. Binadamu huzivunja pairetroidi haraka. Mdudu hawezi kuzivunja haraka hivyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya yeye kufa na wewe kusalia. Lakini ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kimoja tunachokitumia sisi na mbwa kuondoa kemikali za aina hii, kwa hiyo dawa ya viroboto anayopakwa mbwa bila shida inaweza kumuua paka. Samaki nao hawazistahimili kabisa, hata kiasi kidogo mno, jambo nitakaloligusa tena nikifika kwenye chupa yenu. Kwa hiyo paka kufa si ushahidi kwamba ninyi mko njiani kufa. Ni ushahidi kwamba sumu haitazami viumbe wote kwa jicho moja.

Sasa swali lako kubwa: je, bado iko ndani yenu? Hapa nakuomba utenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, yaani sumu yenyewe, na jeraha ililoliacha. Zipo sumu zinazokaa. Risasi, ile ya betri za magari, hujificha ndani ya mifupa kwa miongo. DDT, sumu ya wadudu ya zamani, hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka. Lakini oganofosfeti na kabameti nyingi huvunjwa na kutoka kwa mkojo ndani ya siku chache, ingawa baadhi hujificha kwenye mafuta na kuchukua muda zaidi. Baada ya wiki tatu, kwa kiasi kilichowapata, sitarajii kwamba imebaki sumu yoyote ya maana katika damu ya mtoto wako.

Jeraha ni habari nyingine. Oganofosfeti ikikaa juu ya kimeng'enya kwa muda bila tiba, hugandamana nacho moja kwa moja. Kimeng'enya hicho hakifufuki. Mwili lazima utengeneze kipya. Kile kilichomo katika chembe nyekundu za damu hurudi pole sana, karibu asilimia 1 kwa siku, kwa sababu kinangoja chembe mpya zizaliwe, na chembe moja huishi kama siku 120. Hebu piga hesabu. Wiki tatu ni siku 21. Ikiwa usiku ule mlipoteza nusu, bado hamjarudi mlipokuwa. Mtu wa namna hiyo anatembea, anacheka, anaenda kazini, hana dalili hata moja, lakini akiba yake imepungua. Akiguswa tena na sumu ileile, kiasi ambacho mara ya kwanza kilimtapisha tu kinaweza safari hii kumkata pumzi. Hii ndiyo sababu ya kusema Jumamosi msipulize, na sababu yangu si woga wa jumla wa kemikali. (Kabameti ni nafuu kidogo hapa: huachia kimeng'enya chenyewe ndani ya saa 24 au chini. Lakini hatujui mlikuwa na ipi, kwa hiyo tunachukua tahadhari ya ile mbaya.)

Kwa hiyo ile dawa ya kusafisha mwili ya shilingi 1,500 inaenda kusafisha nini? Hakuna kinywaji kinachotengeneza kimeng'enya kipya. Ini na figo zako zimeshafanya kazi yao bure. Fedha hizo zinunulie mayai na maharagwe, au zitumie kama nauli ya hospitali na gharama za vipimo vya mume wako. Simtukani jirani yako. Huenda anaamini anachokiuza. Lakini usinunue, na hasa usimpe mtoto, kwa sababu nayo haijulikani ina nini.

Maziwa nayo tumeyaamini vizazi na vizazi. Yanasaidia tumbo linapochomwa na kitu fulani, mara chache, na hata hapo ni shauri la daktari. Hayaifuti sumu iliyokwisha kuingia damuni, na sumu ya mtoto wako haikupitia tumboni kwanza, ilipitia ngozini na mapafuni. Mbaya zaidi, mtoto anayetapika na kusinzia ukimnywesha maziwa anaweza kuyavuta mapafuni. Kwa waliokunywa mafuta ya taa hatari hii ndiyo hasa inayoua: mafuta ya taa yakiwa tumboni hayadhuru sana kama yanavyodhuru yakiingia mapafuni, na kumnywesha mtu maziwa au kumtapisha ndiko kunakoyapandisha kooni. Kuhusu makaa, hospitali hutumia makaa yaliyotengenezwa maalumu, laini kama unga, yenye vitundu visivyohesabika, kwa sumu iliyomezwa tu na kwa kawaida ndani ya saa moja hivi. Makaa ya jikoni kwako si hayo. Wiki tatu baadaye hata yale ya hospitali hayana kazi.

Mnyonyeshe mtoto wako, usisite. Kiasi cha dawa hizi kinachopita kwenye maziwa ya mama ni kidogo, na faida ya kunyonya ni kubwa kuliko hofu hiyo. Ila kama mashuka ya usiku ule hayajafuliwa, yafue leo kwa sabuni, ukiwa na glavu, mbali na nguo za watoto. Na uoge kabla ya kumweka kifuani.

Nirudi kwa mume wako, ambaye alipuliza bila glavu na bila shaka alirudi kulala na nguo zilezile. Baadhi ya oganofosfeti, mbali na lile la makanga, hudhuru pia kimeng'enya kingine katika neva ndefu. Neva ndefu kuliko zote ni zile zinazotoka kiunoni hadi nyayoni, basi ndizo zinazoanza kufa, kutoka ncha kwenda juu. Mtu anapona kabisa, anasahau, halafu wiki moja hadi tatu baadaye vidole vya miguu vinaanza kuchomachoma na kufa ganzi, kisha miguu inalegea. Mwaka 1930 huko Marekani maelfu ya watu walilemaa miguu hivyo baada ya kunywa kileo cha tangawizi kilichochanganywa na kemikali ya jamii hii.

Sasa nikuambie ukweli wote, nisije nikakuogofya bure. Hali hii kwa kawaida huwapata waliougua sana siku ile ya kwanza, na mume wako hukuandika kwamba aliugua. Ganzi ya miguu ina sababu nyingi za kawaida: kisukari ambacho hakijajulikana, upungufu wa vitamini B12, pombe, mgongo wa mtu anayebeba mizigo. Inawezekana kabisa kwamba haihusiani na kunguni. Lakini tarehe zinalingana mno, na mimi sina uwezo wa kumgonga goti kwa nyundo kupitia maandishi. Aende hospitali kubwa kiasi, yenye daktari, asiishie duka la dawa. Aseme wazi: nilipuliza sumu wiki tatu zilizopita, sasa miguu ina ganzi. Waombe wampime sukari, wachunguze nguvu na hisia za miguu, na kama maabara yao inaweza, wapime kiwango cha kile kimeng'enya katika damu. Akianza kujikwaa, au kushindwa kuinua ncha ya mguu anapopanda ngazi, asingoje miadi, aende siku hiyohiyo. Mtoto naye mpeleke kliniki akaangaliwe, hata kama anacheza. Ukiona amelegea, anapumua kwa shida au mwendo wake umebadilika, hilo halingoji kliniki.

Umesema unataka kuacha kemikali zote na kutumia vitu vya asili. Naelewa hamu hiyo, na baada ya usiku kama ule ningeisikia hata mimi. Lakini maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na asili haikuahidi kutuhurumia. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yao wenyewe, yaliyolimwa na kuvunwa kwao, kwa sababu ya sumukuvu, ile wengi huiita aflatoksini, inayotengenezwa na ukungu katika mahindi yasiyokauka vizuri. Muhogo mchungu una chembechembe zinazotoa sumu kali iitwayo sianidi, na bibi zetu waliomenya, wakaloweka siku kadhaa na kuanika kabla ya kusaga walikuwa wanafanya elimu ya sumu kabla sisi hatujaipa jina. Tumbaku ilitumika kuua wadudu kabla ya viwanda. Pareto lenyewe ni ua. Kwa hiyo mtu akikuuzia "dawa ya asili ya kunguni" isiyo na karatasi, muulize yaleyale ambayo mume wako hakupata nafasi ya kumuuliza mchuuzi: ni nini, kiasi gani, nani ameisajili?

Basi kunguni mtawafanyaje? Sitakudanganya kwamba kuna njia rahisi. Walirudi kwa sababu mayai hayakufa, na kwa sababu kunguni wengi siku hizi wamezoea pairetroidi. Silaha wasiyoweza kuizoea ni joto. Kunguni na mayai yake hufa ndani ya dakika chache kwenye nyuzi 50 na kitu. Vueni kitanda vipandevipande, mkipeleke nje, mmimine maji yanayochemka kwenye kila kiungo na tundu la skrubu, watoto wakiwa mbali. Nguo na mashuka myaloweke katika maji ya moto kabisa. Kwenye mishono ya godoro, tandika kitambaa kibichi na upitishe pasi ya moto polepole, mvuke uingie bila kuchoma sponji. Nyufa za ukuta mzizibe. Mrudie kila wiki kwa wiki kadhaa, kwa sababu yai lililosalia litaangua. Ni kazi ya kuchosha, najua, hasa kwa chumba kimoja na maji ya kununua kwa mtungi. Na ongea na mwenye nyumba na majirani wa ghorofa yenu, maana kunguni hupita kwenye nyaya za umeme na nyufa kutoka mlango hadi mlango. Mkisafisha ninyi peke yenu watarudi kutoka kwa jirani.

Mkiamua kutumia sumu baadaye, mambo yakishatulia, iwe iliyosajiliwa. Kwenye karatasi yake utaona namba ya usajili yenye herufi PCPB, za bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, na chini kuna ukanda wa rangi: nyekundu ndiyo kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, na kijani ndiyo pole. Karatasi iseme ni ya ndani ya nyumba. Apulize aliyefunzwa, mtoke wote, paka na kuku pia, msirudi mpaka ikauke na chumba kipate hewa, na godoro lenyewe lisiloweshwe. Kuna kitu kimoja nakuomba kwa mikono miwili usikiruhusu katika ploti yenu: vile vidonge vya kufukizia mahindi ghalani. Wapo wanaojiita mafundi wanaovitumia kwa kunguni. Vikigusana na unyevu wa hewa vinatoa gesi inayopenya mpaka chumba cha pili na kuua watu waliolala, na gesi hiyo haina dawa ya kuipinga.

Na ikiwa kwa bahati mbaya mtu ataguswa tena na sumu: mtoeni chumbani, mvueni nguo zote, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, nywele na kwapa pia, na anayemwosha avae glavu au mifuko mikononi. Msimtapishe, msimpe chochote mdomoni. Akisinzia mlazeni kwa ubavu. Mate yakifurika, kifua kikikoroma, mboni zikiwa vitone, au akipata degedege, nendeni hospitali papo hapo kwa gari lolote litakalosimama. Msingoje asubuhi kama mlivyongoja safari ile.

Chupa iliyobaki ifungeni vizuri, mwandike SUMU kwa kalamu nzito, na iwekwe juu mahali ambapo mtoto hafiki, mpaka mume wako aende nayo hospitali ndani ya mfuko uliofungwa. Akitoka huko, muulizeni afisa wa afya ya umma wa wadi yenu pa kuipeleka. Msiimwage kwenye sinki wala chooni. Ikifika mtoni, kilichompata paka ndicho kitakachowapata samaki. Na isije ikaoshwa ikatekewa maji. Chupa ile ni ya maji ya kunywa, na mtoto wako wa miaka miwili anaijua kwa umbo lake.